Povu na Dawa Nyingine za Kuzimia Moto

Watu wengi hujua tangu utotoni kwamba moto huzimwa kwa maji. Nyumba ya makuti ikishika moto, majirani hupanga mstari kutoka kisimani na ndoo hupita mkono hadi mkono. Ujuzi huo ni sahihi kwa makuti, mbao, nguo na karatasi. Walakini ndoo ile ile ikimwagwa ndani ya karai la mafuta yanayowaka, au juu ya petroli iliyosambaa barabarani, huzidisha msiba badala ya kuuondoa. Makala haya yanaeleza sababu za jambo hilo, na jinsi wanakemia na wazimamoto walivyotafuta vitu vingine vya kuzimia moto. Kati ya vitu hivyo povu litaelezwa kwa kirefu zaidi, kwa kuwa ndilo silaha kuu dhidi ya moto wa mafuta, na moto wa mafuta ndio ulioua watu wengi kwa mara moja katika barabara za Afrika Mashariki na Kongo.

Moto ni nini

Moto ni mmenyuko wa kikemia ambamo kitu kinachoungua huungana kwa kasi na oksijeni ya hewani, kikatoa joto na mwanga. Ili moto uwepo, mambo matatu hayana budi kukutana: kitu cha kuungua, oksijeni, na joto la kutosha. Walimu wa sayansi wamezoea kuyachora mambo hayo kama pembetatu. Siku hizi huongezwa jambo la nne, nalo ni mfululizo wenyewe wa mmenyuko. Ndani ya mwali molekuli huvunjika kuwa vipande vidogo vyenye ukali mwingi wa kikemia. Kila kipande huvamia molekuli nyingine na kuzaa vipande vipya, na hivyo moto hujiendesha wenyewe. Likiondolewa lolote kati ya mambo hayo manne, moto hufa. Kila dawa ya kuzimia moto hufanya kazi kwa kuondoa moja au mawili kati ya hayo.

Kuna jambo jingine ambalo aghalabu husahauliwa. Kwa sehemu kubwa, mwali hautoki katika kuni wala katika mafuta yenyewe. Hutoka katika gesi au mvuke unaopanda kutoka humo. Ukuni hauna budi kupashwa joto kwanza ndipo utoe gesi za kuwaka. Mafuta ya taa nayo hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie nyuzi za sentigredi 38 au zaidi, na dizeli huhitaji zaidi ya nyuzi 50. Petroli haina subira hiyo. Hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya kiasi cha nyuzi 40 chini ya sifuri, yaani baridi isiyopata kuonekana hata juu ya Mlima Kilimanjaro. Katika joto la mchana la Dar es Salaam au Mombasa, petroli iliyomwagika huwa tayari imejifunika wingu la mvuke usioonekana, wenye uzito mara tatu hadi nne ya hewa. Mvuke huo haupai juu ukapotea, bali hutambaa chini kama maji, ukaingia mitaroni na chini ya milango, mpaka ukutane na jiko, sigara au cheche.

Nguvu ya maji na mpaka wake

Maji ni dawa bora ya kupoza, na ubora wake unaweza kupimwa kwa hesabu. Kuipasha joto kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 huhitaji kilojuli 335 hivi. Kuigeuza kilo hiyo hiyo kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,257 zaidi. Kwa hiyo maji yanapogeuka mvuke hunyang'anya moto joto karibu mara saba kuliko yanapopata moto tu. Ndiyo sababu wazimamoto hupenda kurusha maji kama manyunyu: matone madogo hugeuka mvuke upesi, ilhali mkondo mzito hupita katikati ya moto na kutiririka chini ukiwa bado vuguvugu. Mvuke nao hutanuka kiasi cha mara 1,700 ya ujazo wa maji na kuisukuma hewa kando.

Sifa hiyo hiyo ya kutanuka ndiyo inayoua jikoni. Mafuta ya kukaangia maandazi au mihogo hufanya kazi yake vema kwenye nyuzi 180 hivi. Yakisahauliwa jikoni yakafika kiasi cha nyuzi 350, hujiwasha yenyewe bila kuguswa na mwali. Mtu aliyeshikwa na hofu humwagia maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama. Lakini humo yanamozama kuna joto mara tatu na nusu ya lile la kuyachemsha. Kijiko kimoja cha chai cha maji hugeuka ghafla kuwa lita 8 na nusu za mvuke chini ya mafuta, na mvuke huo hurusha mafuta juu kwa maelfu ya matone, kila tone likiwaka. Mwali hufika darini. Dawa ya moto huo ni kuzima jiko ikiwezekana, kulifunika karai kwa mfuniko au sinia ya chuma, kisha kuliacha lipoe bila kulifunua wala kulihamisha. Watu wengi wameungua si kwa sababu ya moto wenyewe, bali kwa sababu walilichukua karai likiwaka wakakimbia nalo nje.

Katika moto wa petroli shida ya maji ni nyingine kidogo. Petroli haina joto kubwa la kuyageuza maji kuwa mvuke ghafla, lakini ni nyepesi: lita moja huwa na uzito wa gramu 740 hivi, ilhali lita ya maji ni gramu 1,000. Maji hupita chini yake, nayo petroli huelea juu ikiendelea kuwaka na kubebwa hadi mahali palipokuwa salama. Kilichohitajika basi ni maji yatakayokataa kuzama.

Maji yaliyofundishwa kuelea

Aliyetatua fumbo hilo alikuwa mwalimu wa shule. Aleksandr Loran alifundisha katika mji wa Baku, ambao leo ni mji mkuu wa Azabajani na wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Urusi. Baku ulikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya mafuta duniani, na visima na matangi yake yaliungua mara kwa mara bila kuwapo njia ya kuyazima. Mwanzoni mwa karne ya 20 Loran alichanganya myeyusho wa bikaboneti ya sodiamu na ule wa salfeti ya alumini, akaongeza kitu cha kuimarisha mapovu. Mchanganyiko huo ulitoa hewa ya ukaa kwa wingi, nayo ikafungwa ndani ya mapovu madogo yaliyokuwa mepesi kuliko mafuta. Majaribio yake yalifanikiwa, na mwaka 1904 akapata hati ya uvumbuzi. Mitungi ya povu ya namna hiyo ilitumika ulimwenguni kwa miongo mingi. Mtumiaji aliipindua juu chini ili dawa mbili zilizotengwa ndani yake zikutane.

Katika miaka ya 1930 njia nyingine ilishika nafasi. Badala ya kuzalisha gesi kwa kemia, hewa ya kawaida huchanganywa kwa nguvu na maji yenye dawa ya povu, kama vile mpishi apigavyo ute wa yai. Dawa za kwanza za namna hiyo zilitengenezwa kwa protini, aghalabu ile ya kwato na pembe za ng'ombe, vitu ambavyo machinjio yalikuwa yakivitupa. Mwanakemia Mwamerika mweusi Percy Julian, aliyezaliwa mwaka 1899 katika jimbo la Alabama na kupata udaktari wake Vienna mwaka 1931, alibuni njia ya kutenga protini ya soya kwa wingi kiwandani. Protini hiyo ilitumika kutengenezea povu ambalo jeshi la majini la Marekani lililitumia katika Vita Kuu ya Pili kuzimia mioto ya mafuta melini. Mabaharia waliliita supu ya maharage.

Utengenezaji wa povu leo ni rahisi kueleweka. Maji yanayopita kwa kasi katika bomba lenye sehemu nyembamba hufyonza dawa ya povu kutoka katika kopo, kwa kawaida lita 3 au 6 katika kila lita 100 za mchanganyiko. Mbele zaidi, katika pua ya bomba, mkondo huo hufyonza hewa kupitia matundu. Kwa povu zito la kawaida, lita 100 za mchanganyiko huweza kutoa kiasi cha lita 800 za povu. Likitandazwa kwa unene wa sentimita 10, hufunika mita za mraba 8. Kuna pia povu jepesi linalotanuka mara mia kadhaa, hata kufikia 1,000. Hilo hutumika kujaza ghala zima, chumba cha chini au shimo la meli, lakini nje ya nyumba upepo hulipeperusha.

Povu likishatanda hufanya kazi tatu kwa pamoja. Hutenga mafuta na hewa. Huzuia mvuke usipande. Na maji yanayochuruzika polepole kutoka katika mapovu hupoza uso wa mafuta na chuma kilicho kando yake. Kwa sababu maji hayo huendelea kuchuruzika, povu huzeeka na kukauka, na halina budi kuongezwa. Povu la sabuni ya kufulia huzeeka kwa dakika chache tu mbele ya joto, na mtu asilitegemee.

Namna ya kulitupa ina umuhimu kuliko wingi wake. Povu likipigwa moja kwa moja katikati ya dimbwi huzama, huchanganyika na mafuta na kurudi juu likiwa limebeba mafuta yanayowaka. Mzimamoto aliyefunzwa huligonga kwenye ukuta wa tangi ili liteleze taratibu, au hulitupa ardhini mbele ya dimbwi ili lijisukume lenyewe, au hulirusha juu sana lianguke kama mvua. Hali kadhalika haanzi kazi mpaka awe na dawa ya kutosha kuumaliza moto, kwani zulia lililofunika nusu ya dimbwi huliwa na nusu inayowaka, na dawa yote hupotea bure.

Adui mmoja wa povu ni maji yenyewe. Tarehe 29 Julai 1967 roketi ilifyatuka kwa bahati mbaya juu ya sitaha ya manowari ya kubebea ndege ya Marekani, Forrestal, iliyokuwa katika Ghuba ya Tonkin. Mafuta ya ndege yalimwagika na kuwaka chini ya mabomu. Wazimamoto waliofunzwa walikuwa wa kwanza kufika, na wengi wao waliuawa mabomu yalipoanza kulipuka. Mabaharia waliochukua nafasi zao walikuwa na moyo lakini hawakuwa na mafunzo. Wakati kundi moja lilipokuwa likitandaza povu, kundi jingine lilirusha maji ya bahari na kuliosha povu lile, na mafuta yakawaka upya. Watu 134 walikufa siku hiyo. Baadaye jeshi hilo la majini lilibadili mafunzo yake ili kila baharia ajue kupambana na moto.

Adui mwingine ni alkoholi. Spiriti hupenda maji. Hufyonza maji ya povu na kulibomoa mara moja. Kwa ghala la spiriti, kiwanda cha pombe kali au stoo ya dawa za kutakasa mikono, lazima itumike dawa maalumu inayoacha utando kama ngozi kati ya povu na kimiminika. Tena povu haliwezi kushika juu ya mafuta yanayomiminika kutoka juu au kuruka kutoka katika bomba lililopasuka. Na kwa kuwa ndani yake mna maji, halifai kurushwa kwenye nyaya zenye umeme.

Tangi la mafuta mazito au mafuta ghafi huficha hatari nyingine. Chini ya tangi mara nyingi hukaa maji. Tangi likiwaka kwa saa kadhaa, tabaka la mafuta lenye joto kali hushuka polepole kutoka juu. Likifika kwenye maji yale, hutokea lile lile lililoelezwa juu ya karai la jikoni, isipokuwa karai lenyewe sasa lina maelfu ya tani. Tarehe 19 Desemba 1982, huko Tacoa karibu na Caracas nchini Venezuela, tangi la kituo cha umeme lilifoka namna hiyo baada ya kuwaka kwa saa kadhaa, na watu zaidi ya 150 waliuawa, wakiwamo wazimamoto na waandishi wa habari waliosimama wakiamini kwamba wako mbali vya kutosha.

Povu kabla ya moto

Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya. Tarehe 2 Julai 2010 jingine lilipinduka katika kijiji cha Sange, Kivu Kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tarehe 10 Agosti 2019 jingine lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Katika mahali pote patatu watu walikusanyika, wengi wao wakiwa na madumu na ndoo za kutekea mafuta, na katika mahali pote patatu moto uliwaka baadaye, si wakati wa ajali. Sachangwan na Morogoro walikufa watu zaidi ya 100 kila mahali. Sange walikufa zaidi ya 200, baadhi yao wakiwa ndani ya nyumba na vibanda walimokuwa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia na ambao hawakuteka hata kikombe kimoja.

Hesabu ndogo huonyesha kwa nini. Lita moja ya petroli ikitandaa kwa unene wa milimita moja hufunika mita moja ya mraba. Lita 10,000, ambazo ni sehemu tu ya mzigo wa lori kubwa, zingeweza kufunika eneo linalozidi uwanja wa mpira kama ardhi ingekuwa sakafu tambarare isiyonywa. Mvuke wa petroli huwaka unapokuwa sehemu 1 na nusu hadi 7 na nusu hivi katika kila sehemu 100 za hewa. Anayeinama kuteka huwa amesimama ndani ya wingu hilo mpaka magotini au kifuani. Cheche ya betri, injini ya pikipiki au kiberiti kimoja hutosha, na mwali hupita katika wingu lote kabla mtu hajageuka.

Hapo hakuna mtungi wala gari la zimamoto linaloweza kuwaokoa waliomo ndani. Lakini kati ya ajali na mwali hupita muda, na muda huo ndio wakati wa povu. Watu wengi hudhani kwamba povu ni kitu cha kuzimia moto uliokwisha kuwaka. Wazimamoto wa viwanja vya ndege na wa matangi ya mafuta hulitandaza juu ya mafuta ambayo hayajawaka bado, ili kuufungia mvuke chini. Petroli iliyofunikwa vema kwa povu haitoi mvuke wa kutosha kuwaka kwa muda, na muda huo hutosha kulinyonya lori na kuliinua. Kwa sababu hiyo simu ya kwanza (kwa Tanzania namba ya zimamoto ni 114) yapasa ipigwe wakati lori limelala tu na halijawaka, tena mpigaji aseme wazi kwamba ni lori la petroli, maana gari lililokuja na maji matupu halina la kufanya isipokuwa kupoza na kuwasukuma watu nyuma. Hilo la kuwasukuma watu nyuma, upande upepo unakotoka na mbali na mabonde, halihitaji dawa yoyote, na ndilo ambalo mahali pale patatu halikuwezekana kwa wakati.

Dawa nyingine

Unga mkavu huonekana kama vumbi tu, lakini kazi yake ni ya kikemia. Chembe za bikaboneti ya sodiamu au ya potasiamu hunasa vile vipande vikali vilivyomo ndani ya mwali na kuukata mfululizo wa mmenyuko. Hakuna dawa nyingine ya mkononi inayoangusha mwali wa petroli upesi kama unga. Kasoro yake ni kwamba haupozi. Mafuta yaliyozimwa kwa unga yakigusana na chuma chenye moto huwaka tena, na mzimamoto mwenye busara hufuatisha povu mara moja baada ya unga. Aina iliyoenea madukani na magarini hutengenezwa kwa fosfeti ya amoniamu, ambayo huyeyuka juu ya kuni na karatasi ikaacha ganda, na hivyo hufaa pia kwa vitu vikavu.

Hewa ya ukaa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, nayo huisukuma oksijeni kando bila kuacha uchafu wala kupitisha umeme. Ndiyo dawa ya chumba cha kompyuta na ubao wa swichi. Nje kwenye upepo haina nguvu, na katika chumba kidogo kilichofungwa huweza kumwua aliyeileta. Atumiaye asishike pembe ya mtungi kwa mkono mtupu, maana gesi hiyo hutoka ikiwa na baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri.

Moto wa gesi ya kupikia una kanuni yake peke yake: usizimwe kabla ya kufunga vali, isipokuwa pale ambapo kuuzima ndiyo njia pekee ya kuifikia hiyo vali. Gesi inayowaka kwenye mdomo wa mtungi inaonekana na inajulikana ilipo. Gesi iliyozimwa ikaendelea kuvuja huijaza nyumba, nayo ni nzito kuliko hewa, ikalala sakafuni kungojea cheche. Mtungi wenyewe hupozwa kwa maji kutoka mbali.

Magnesi na sodiamu hunyang'anya oksijeni hata ndani ya maji, zikaacha haidrojeni ambayo nayo hulipuka. Magnesi huwaka hata ndani ya hewa ya ukaa. Kwa hizo hufaa unga maalumu au, katika maabara ya shule, mchanga mkavu kabisa. Betri za lithiamu za simu na pikipiki za umeme ni kesi nyingine ngeni: zikipata joto kupita kiasi hutoa oksijeni kutoka ndani yao wenyewe, hivyo kuzifunika hakusaidii sana. Hizo humrudisha mzimamoto kwenye maji, tena maji mengi na kwa muda mrefu.

Gharama iliyofichika

Katika miaka ya 1960 watafiti wa jeshi la majini la Marekani walitoa povu jipya lenye kemikali za florini. Maji yanayochuruzika kutoka katika povu hilo hutandaa juu ya petroli kama utando mwembamba usioonekana, ukitangulia mbele ya povu lenyewe. Moto uliohitaji dakika ulizimwa kwa sekunde, na povu hilo likaenea katika viwanja vya ndege na bandari za dunia.

Baadaye ilibainika kwamba kifungo cha kaboni na florini, kilicho imara mno, hakivunjwi na jua, na vijidudu vya udongoni havikiwezi. Kemikali hizo hushuka katika maji ya visima na kukaa katika damu ya watu na wanyama. Baada ya moto mkubwa wa matangi ya Buncefield nchini Uingereza, uliozuka tarehe 11 Desemba 2005 na kuwaka kwa siku kadhaa, kemikali za povu zilikutwa katika maji ya ardhini. Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, uliiweka moja ya kemikali hizo katika orodha yake mwaka 2009 na nyingine mwaka 2019. Povu zisizo na florini zimekwisha tengenezwa na zinatumika, ingawa nyingi huhitaji kutupwa kwa uangalifu zaidi na kwa wingi zaidi. Haloni, gesi iliyokuwa bora kwa ndege na kompyuta, ilipatwa na mkasa kama huo: ilikutwa ikiharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 utengenezaji wake ulikomeshwa katika nchi zilizoendelea mwaka 1994 na kwingineko mwaka 2010.

Kuusoma mtungi

Mtungi wa siku hizi huwa mwekundu, na aina ya dawa huonyeshwa kwa mkanda wa rangi. Kwa mtindo wa Uingereza, rangi ya krimu ni povu, buluu ni unga, nyeusi ni hewa ya ukaa, na njano ni dawa ya majimaji ya jikoni, ambayo hugeuza uso wa mafuta ya kupikia kuwa kitu kama sabuni. Mtungi wa maji ni mwekundu mtupu. Pamoja na rangi huandikwa herufi: A kwa vitu vikavu, B kwa vimiminika, C kwa gesi, D kwa metali, F kwa mafuta ya kupikia. Hapa pana mtego kwa wanunuzi wa bidhaa zinazopitia bandari zetu. Katika mtindo wa Kimarekani C ni umeme, na mafuta ya kupikia huandikwa K. Mtungi usio na picha, ila herufi C peke yake, hauna budi kuulizwa umetoka wapi.

Unga uliokaa miaka kwenye gari linalotikisika hushikamana chini ya mtungi. Hupinduliwa juu chini na kugongwa taratibu kila baada ya miezi michache. Mshale wa kipimo uwe katika sehemu ya kijani. Mtungi wa hewa ya ukaa hauna mshale. Hupimwa kwenye mizani, na gesi iliyomo ikipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, hurudishwa kujazwa.